Simu Imekuwa Kungwi

Alikuja kliniki ya vijana mchana wa jua kali, sare ya shule kaifunika kwa kanga. Ana miaka 17. Akaniuliza kwa sauti ya chini, “Dada nesi, P2 si inazuia na UKIMWI?” Akanionyesha simu: video isiyofika dakika moja, muziki juu, binti anacheka huku anameza kidonge. Hilo ndilo somo alilopata.

P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, huchelewesha yai kutoka, basi. Humezwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72 baada ya kujamiiana. Haizuii VVU, kaswende wala kisonono. Aliyehofia VVU ana dawa za PEP, za kuzuia maambukizi baada ya tukio, nazo lazima zianze ndani ya saa 72 hizo hizo, kisha zimezwe siku 28. Yeye alikuwa siku ya tano.

Wazazi wakisikia habari za simu hukimbilia kulaani picha za ngono. Zina madhara, sibishi. Mimi kinachonitisha zaidi ni kile kisichoonyeshwa. Kwenye tamthilia watu wanaingia chumbani, taa inazimwa, asubuhi wanakunywa chai. Kondomu haikutajwa, hakuna aliyeuliza kama mwenzake yuko radhi, hakuna aliyekwenda kupima. Mtoto akiyaona hayo kila jioni, ataacha kuyaiga kwa nini?

Zamani mwari alikuwa na kungwi wa kumuuliza (si yote ya unyagoni yalikuwa mazuri, tusidanganyane). Sasa nyumbani kimya, na utafiti wa afya wa Tanzania wa 2022 ulikuta wasichana 22 kati ya 100 wenye miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata ujauzito.

Na si kwamba vyombo vya habari haviwezi kufundisha. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, wenye dereva wa lori Mkwaju, mpenda wanawake wa kila kituo, ambaye mwishowe anaugua UKIMWI. Watafiti waliona wasikilizaji wakipunguza wapenzi na kutumia kondomu zaidi. Mkwaju hakuhubiri, watu walimwona akidhoofika.

Kwa hiyo kaa na mwanao mtazame pamoja, muulize: “Hawa wamejikinga na nini?” Atacheka, ataona aibu. Mwache acheke, kisha subiri jibu.

Binti yule nilimpima, nikampangia tarehe za kurudia vipimo. Tangu 2019 sheria inamruhusu mwenye miaka 15 kupima VVU bila idhini ya mzazi. Alirudi, na rafiki yake mlangoni akishindwa kuingia.