Mchanga mweupe wa pwani usiutie kwenye banda la kuku

Wafugaji wenzangu assalam aleykum. Sie watu wa mifugo tukipita mashehia siku hizi tunakuta wengi wameacha maranda wamehamia mchanga, na si vibaya, mchanga unakauka haraka, asubuhi unachekecha kinyesi unatoa na banda halinuki. Tabu ni huo mchanga unatoka wapi.

Wengi wanauzoa pwani, mana uko karibu, bure, tena mweupe unavutia macho. Huo ndo nnaoukataa. Una chumvi, na chumvi inavuta unyevu wa hewani, khasa masika, basi leo unamwaga mkavu baada ya siku chache umeroa wenyewe wala mvua haijaingia bandani. Unyevu ndo unaoleta kuhara damu. Vile vijidudu vya koksidia vinatoka na kinyesi vikiwa bado havijaiva, havimdhuru kuku mpaka vipate unyevu na joto, na joto kwetu halikosekani, siku moja mbili vishaiva, kuku anadonoa anameza, na wanaokufa zaidi ni vifaranga. Halafu na ile chumvi nayo wanaimeza kutwa.

Kuna jengine watu hawalijui. Mchanga wetu mweupe mwingi ni matumbawe na makombe yaliosagika na bahari, yaani ni chokaa. Kuku anaetaga anaitaka hiyo kwa gamba la yai, sawa, mpondee makombe yaliooshwa umwekee kwenye chombo chake mbali, ale akitaka. Ila vifaranga na mitetea ambayo haijaanza kutaga, chokaa ikizidi inawaharibu figo. Na kuuchota ufukweni bila ruhusa ni kosa, fukwe zenyewe bahari ishazila.

Ukiletewa gari ya mchanga na hujui ulikotoka, chukua kijiko kimoja ukamulie ndimu. Ukitoa povu una chokaa ya matumbawe, mwambie mwenye gari arudi nao.

Unaoutaka ni mchanga wa mashimo, kama ule unaochimbwa upande wa Donge huku Unguja, wenye chenga kubwa na ndogo zimechanganyika. Mlaini sana haufai, unashika maji na unatoa vumbi linaloumiza kifua cha kuku na chako pia, kwa hivo ukichekecha vaa barakoa. Uujaribu udongo wake: tia mchanga kwenye chupa hadi robo, jaza maji, tikisa, uache saa moja, ukiona tope nene limekaa juu basi uoshe au tafuta mwengine. Unga wa mawe wa kwenye mashine za kokoto usiuguse. Mabaki ya ujenzi pia hapana, yana saruji, misumari na vipande vya waya, na kuku akiona kinachong'aa hakiachi.

Tandaza kina cha sentimita 10 hivi, na sakafu iwe juu kuliko uwanja, la sivyo masika maji yataingia na hapo hata mchanga mzuri hauna kazi. Kwenye viota tia nyasi kavu. Vifaranga wa siku za mwanzo wabaki kwenye maranda, mana wao wanakula kila kitu na mchanga unawajaa tumboni.

Ukiutoa wa zamani mwaga kwenye migomba, lakini kama kuku walikuwa wanaumwa ufukie, usiuache wa jirani wakaja kuchakura.