Kinda aliyeguswa hasuswi na mama yake

Tangu utotoni tunaambiwa: ukimshika kinda wa ndege, mama yake atanusa mkono wako na kumsusa. Si kweli. Ndege wengi wa bustanini hawamtambui mwana kwa harufu; wanafuata mahali pa kiota, sauti, na kinywa kilichoachama kudai chakula.

Kwa hiyo ukipogoa ua wa mimea pale Entebbe ukaangusha kiota cha shore, kirudishe. Kikichanika, funga kikapu kidogo chenye matundu chini kwenye tawi lile lile, kisha jitenge uangalie kwa mbali. Kwa kawaida wazazi hurudi, pengine na kiwavi mdomoni, yule yule uliyetaka kumpulizia dawa. (Sisi tunaotunza maua tuna deni kwa shore.)

Ila mtazame kwanza. Aliye uchi, macho yamefumba, ni wa kiotani. Mwenye manyoya na kimkia kifupi, anayerukaruka, yuko mafunzoni, anajifunza kuruka: mwache, na paka mfungie ndani. Usimdondoshee kinda maji mdomoni; tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi. Maziwa na posho (ugali) pia hapana. Aliyevunjika bawa au kuumwa na paka, hata kidogo, mtie kwenye boksi lenye matundu umpeleke kwa wataalamu wa wanyamapori siku hiyo hiyo.