Mpango wa umeme wa kaskazini ya mbali huanzia kwenye umiliki

Katika kazi yangu ya kupanga gridi ndogo kwa vijiji visivyofikiwa na nyaya za taifa, mfano ninaourejea kuliko mingine ni wa Old Crow, kijiji cha watu wapatao 250 wa Vuntut Gwitchin, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili, kilichoko kaskazini mwa Mzingo wa Aktiki katika eneo la Yukon nchini Kanada. Hakuna barabara ya kudumu inayofika huko, hivyo dizeli ya jenereta husafirishwa kwa ndege. Mwaka 2021 kilikamilika kituo cha sola cha kilowati 940, kiitwacho Sree Vyàa, ambacho pamoja na betri zake kilikusudiwa kupunguza takriban lita 189,000 za dizeli kwa mwaka, na kuiwezesha kampuni ya umeme kuzima jenereta kwa vipindi fulani vya kiangazi.

Wahandisi wenzangu huvutiwa na takwimu hizo, nami sizidharau, lakini kilichoamua mambo Old Crow kilikuwa kwenye karatasi. Kituo ni mali ya serikali ya Vuntut Gwitchin yenyewe, nayo huiuzia kampuni ya ATCO umeme kwa mkataba wa miaka 25. Serikali hiyo ina nguvu ya kisheria kwa sababu ya makubaliano ya ardhi na ya kujitawala yaliyotiwa saini mwaka 1993 na kuanza kutumika mwaka 1995. Bila hayo, wenyeji wangealikwa kwenye kikao, wangepewa chai, wangeonyeshwa ramani iliyokwisha kuchorwa, kisha mahudhurio yao yangeandikwa kuwa ni ushirikishwaji.

Bei ya umeme katika mkataba wa namna hii ndipo mahali ambapo jamii nyingi hushindwa hata baada ya kupata umiliki. Kampuni za umeme za kaskazini kwa kawaida hukubali kulipa gharama ya dizeli iliyookolewa tu, yaani thamani ya mafuta ambayo hayakuchomwa, na hivi ndivyo sera ya Nunavut, eneo jingine la kaskazini ya Kanada, inavyoelekeza, ingawa miji na vijiji vyote 25 vya huko hutegemea dizeli inayoletwa kwa meli katika miezi michache ambayo bahari haijaganda. Hesabu hiyo haiingizi matangi yatakayohitaji kubadilishwa, udongo uliochafuliwa na mafuta yaliyomwagika, wala ruzuku ambayo serikali hulipa ili bili ya mkazi isimshinde. Matokeo yake ni kwamba mkazi anayefunga paneli juu ya paa lake huipunguzia hazina ya serikali mzigo mkubwa kuliko anaojipunguzia mwenyewe, na mradi wa jamii hubaki na faida ndogo mno kiasi kwamba benki haiutazami. Kwa maoni yangu, mshauri anayekwenda kijijini kuzungumzia mahali pa kuweka paneli bila kuifungua hesabu hii mbele ya wenyeji bado hajawashirikisha katika jambo lenye uzito.

Uwekaji wa paneli nao una mambo ambayo mgeni hayaoni. Kiangazi cha huko jua huzunguka anga karibu saa 24, kwa hiyo paneli zinazotazama mashariki na magharibi hutoa umeme uliosambaa vizuri zaidi katika siku kuliko zinazotazama kusini pekee. Hilo kompyuta italikokotoa. Haitakokotoa ni wapi theluji hurundikwa na upepo, ni ardhi ipi iliyoganda inayoanza kulegea, wala ni njia zipi wawindaji hupita kuwafuata kulungu wa kaskazini. Ratiba ya vikao pia ni sehemu ya mpango: ukiitisha mkutano wakati familia ziko kwenye kambi za uwindaji, utapata maoni ya waliobaki kijijini tu.

Gharama ya kuyapuuza haya imeonekana Fosen, nchini Norwe. Tarehe 11 Oktoba 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba vibali vya mitambo 151 ya upepo huko Storheia na Roan vilikiuka haki za wafugaji wa Kisami, wenyeji wa asili wa kaskazini ya Skandinavia, ambao kulungu wao hulisha hapo wakati wa baridi. Mitambo ilikuwa imekwisha kusimama na ilikuwa inazalisha umeme. Pendekezo kwamba mifugo ilishwe ndani ya mazizi halikukubaliwa na mahakama kama msingi wa kuhalalisha vibali, na suluhu na makundi mawili ya wafugaji ilipatikana baadaye, Desemba 2023 na Machi 2024. Mwezi huohuo wa Oktoba 2021, mahakama ya Meru iliona kwamba hati za ardhi ya mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye megawati 310 katika kaunti ya Marsabit, zilipatikana bila kufuata utaratibu. Nishati safi haimpi mtu hati safi.

Liko jambo moja ambalo hujitokeza pale tu wenyeji wanapoanza mpango wao wenyewe, nalo ni joto. Mafuta mengi ya vijiji hivi huchomwa kupasha nyumba, si kuwasha taa, lakini mtaalamu aliyeajiriwa kupanga umeme atajibu swali la umeme. Katika baadhi ya vijiji joto linalopotea kwenye jenereta hupelekwa kwa mabomba hadi shuleni au kwenye jengo jingine la umma. Ukiongeza upepo na betri ili jenereta izimwe wakati wa baridi, jengo lile hupoteza joto lake, na mtu atalazimika kununua tanuri la kuni au mafuta ya ziada. Gharama hiyo haimo katika bajeti ya kampuni ya umeme. Imo katika bajeti ya kijiji, na kwa sababu hiyo mimi huomba mhasibu wa kijiji awepo tangu kikao cha kwanza.