Je, wajua kwa nini haiku inakaa vizuri kwenye Kiswahili?

Haiku ni shairi fupi la Kijapani lenye mizani 17, mishororo 3: 5, 7, 5. Mtoto wa darasa la tatu anayekaa Kirumba au Igombe, Mwanza, anaweza kuliandika likizoni kwa daftari na penseli tu, maana Kijapani na Kiswahili hupima maneno kwa namna inayokaribiana sana.

Mjapani akisema Tokyo anahesabu 4, to-o-kyo-o, kwa kuwa irabu ndefu ni mizani 2. Nasi taa ni ta-a, dagaa ni da-ga-a. Neno lao hon, yaani kitabu, ni 2, kwa sababu ile n ya mwisho inasimama peke yake, kama m yetu katika m-tu.

Hapo kwenye m na n ndipo watoto hukosea zaidi. Chukua neno mtumbwi: m-tu-mbwi, mizani 3. M ya kwanza inasimama yenyewe, ya pili imebebwa na bwi. Mwanza ni 2, mwa-nza. Ila nchi, mbwa na nne ni 2 kila moja, kwa sababu mkazo unaangukia kwenye hiyo n au m. Mtoto asome polepole na kupiga kofi kwa kila mizani. Kofi halidanganyi kama macho.

Kosa la pili ni vitenzi. Tuseme usiku ameona taa za wavuvi ziwani, akaandika:

Usiku wa leo
ninaziona taa za dagaa
nzuri sana

Hiyo ni 6, 11, 4. "Ninaziona" peke yake imekula 5! Kiswahili hupakia mtendaji, wakati na kitendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo kitenzi kimoja kinaweza kumaliza mshororo. Aliyeona tunamjua tayari, afutwe. "Nzuri sana" nayo ifutwe, haituonyeshi kitu. Abaki na vitu vyenyewe:

Mwezi haupo;
ziwani taa mia,
paka yu macho.

Sasa hesabu: 5, 7, 5. Hakuna vina, na mtoto aliyezoea mashairi ya shuleni asivilazimishe, vitamvuruga. Badala yake kuna mkato: picha mbili zinawekwa karibu bila maelezo. Huku ziwa, huku paka anayesubiri dagaa wa alfajiri. Msomaji anaunganisha mwenyewe, na kwangu huo ndio utamu wote wa haiku.

Matsuo Basho (1644–1694), bingwa wa mashairi haya, aliandika wakati yakiitwa hokku. Jina haiku lilienea mwishoni mwa karne ya 19 kupitia mshairi Masaoka Shiki. Desturi yao ni kuweka neno moja la msimu. Mtoto wa Mwanza asiazime theluji. "Mwezi haupo" tayari linataja wakati: wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, na mbalamwezi iking'aa taa zao hazivuti samaki vizuri. Likizo ya Juni ina vumbi na majani makavu. Ya Desemba ina mvua na kumbikumbi, ambao peke yao wanachukua mizani 4, kwa hiyo wakae kwenye mshororo wa mizani 7.