Je, Wajua Lebo Inavyofichua Umri wa Nguo ya Mbunifu?

Mtu akipata gauni la zamani la mbunifu maarufu, kitu cha kwanza kutazama ni jina shingoni. Jina hupandisha bei, lakini kwenye umri halisaidii sana: nguo ya Dior ya mwaka 1955 na ya mwaka 1990 zote zimeandikwa Dior. Mimi huanza na vile vilebo vidogo vya ubavuni na mfukoni visivyojaliwa na mtu. Vingi viliwekwa kwa sababu sheria ilitaka, na kila sheria ina tarehe yake.

Marekani ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi. Tuchukue koti la kike lililoshonwa huko. Ndani lina lebo ya ILGWU, chama cha washonaji wa nguo za kike, yenye herufi AFL-CIO. Shirikisho hilo la vyama vya wafanyakazi liliundwa mwaka 1955, kwa hiyo koti haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Karibu yake pana herufi RN, yaani namba ya usajili wa kampuni, na namba yenyewe imezidi 13670. Namba za kiwango hicho zilianza kutolewa mwaka 1959. Anwani ya mtengenezaji ina msimbo wa posta wa tarakimu tano, ulioanza kutumika mwaka 1963. Halafu tafuta maelekezo ya kufua. Hayapo, wala hakuna matundu ya sindano kuonyesha kwamba yaliwahi kuwapo. Tangu Julai 1972 sheria ya huko ilidai nguo ziwe na lebo ya kudumu ya utunzaji. Basi koti hili kwa uwezekano mkubwa ni la kati ya 1963 na 1972, na bado hatujamtaja mbunifu.

Hapo pana tahadhari mbili. Namba ya RN ni ya kampuni, si ya nguo. Kampuni iliyosajiliwa mwaka 1960 inaweza kuitumia namba ileile miongo mingi baadaye. Kwa hiyo inakuonyesha mwanzo tu, mwisho hapana. Na kukosekana kwa lebo ni ushahidi dhaifu kuliko kuwapo kwake, maana watu hukata lebo zinazowawasha.

Uingereza ina alama ninayoipenda kuliko zote: CC41, herufi C mbili zilizokatwa pembeni, iliyowekwa kwenye nguo za mpango wa serikali wa kubana matumizi kati ya 1941 na 1952. Usiidharau ukidhani ni nguo hafifu. Wabunifu wakubwa kama Norman Hartnell na Hardy Amies walichora mitindo ya mpango huo.

Ufaransa ndiko desturi ya lebo ya mbunifu ilikokolea, tangu Charles Frederick Worth alipoanza kushonea jina lake kwenye nguo katika karne ya 19. Huko jina lenyewe nalo hutoa tarehe. Lebo ya Saint Laurent Rive Gauche haiwezi kutangulia 1966, mwaka duka la mbunifu Yves Saint Laurent lenye jina hilo lilipofunguliwa. Nguo za kifahari za Dior za miaka ya 1950 hurahisisha kazi zaidi: nyingi zina lebo iliyofumwa msimu na mwaka.

Majina ya nchi nayo yatazame. Ujerumani Magharibi ilikuwapo kuanzia 1949 hadi 1990.

Kisha hakikisha lebo na nguo zimezeeka pamoja, kwani lebo ya jina kubwa huhamishwa kirahisi. Inua ukingo wake: kitambaa kilichofunikwa kinapaswa kuwa na rangi mbichi kuliko cha pembeni. Matundu ya sindano yasiyolingana na mshono uliopo ni dalili mbaya. Linganisha na zipu pia. Zipu ya nailoni kwenye gauni linalodaiwa kuwa la 1950 inatia shaka. Ila fundi huweza kubadilisha zipu, kwa hiyo angalia kwanza kama uzi wake ni uleule wa mishono mingine.