Kava mpya za pedali kwenye gari la umeme: yanayosemwa na yaliyo kweli

Gari la umeme lina pedali mbili tu: ya breki, na ile ambayo wengi bado tunaiita ya mafuta ingawa hakuna tone la mafuta linalopita popote. Kava zake za raba zikishalika, au mwenye gari akitaka zile za alumini zenye vinundu vya raba, kuzibadilisha ni kazi ya dakika chache. Wepesi huo ndio unaoniogopesha. Nikiona kava imekaa upandeupande chini ya mguu wa dereva, siwezi kunyamaza, maana ndiyo inayogusana na kiatu chake siku atakapohitaji kusimama ghafla.

"Ni urembo tu"

Kazi ya kava ni kuishika soli ya kiatu, hasa kiatu kikiwa na maji au tope. Bamba la alumini lililong'arishwa bila raba juu yake huteleza, hata liwe zuri namna gani. Ukienda kununua, pitisha kidole juu ya vinundu vya raba. Kama vimelala sawa na chuma, hicho kitu hakifai kwenye breki.

"Gari hupunguza mwendo lenyewe, raba ya breki haina kazi kubwa"

Nusu ya maneno haya ni kweli. Ukiachia pedali ya mwendo, mota hugeuka jenereta, umeme unarudi kwenye betri na gari linapungua kasi. Kuna madereva wanaokwenda safari nzima hawajagusa breki zaidi ya mara mbili tatu. Lakini betri ikiwa imejaa kabisa, au ikiwa na baridi kali, upunguzaji huo hudhoofika. Na mtoto akikatiza barabara mbio, mguu utaruka kutoka pedali moja kwenda nyingine kwa nguvu zote. Breki inayokanyagwa mara chache hukanyagwa siku ya hatari, kwa hiyo raba yake ndiyo ya kubadilishwa mapema.

"Paka maji ya sabuni, raba itaingia yenyewe"

Ushauri huu umeenea sana, na ndio ninaoomba watu wauache. Aprili 2024, Tesla iliyarudisha kwa marekebisho magari 3,878 aina ya Cybertruck huko Marekani, kwa sababu bamba la pedali ya mwendo lingeweza kuchomoka, likanasa kwenye mapambo ya ndani ya gari na kuiacha pedali imekandamizwa. Chanzo kilikuwa sabuni. Ilitumika wakati wa kuunganisha, bila idhini, ili bamba liingie kwa urahisi, na mabaki yake yakapunguza mshiko. Kwenye magari hayo, kukanyaga breki kulikuwa kunakata nguvu ya mota, na huo ulikuwa msaada mkubwa. Ila kama kiwanda chenye vifaa vyote kiliponzwa na sabuni, sisi wenye ndoo na kitambaa tusijidanganye kwamba "itakauka tu".

Cha kufanya ni hiki. Futa pedali kwa kitambaa chenye spiriti, uiache ikauke. Chovya raba kwenye maji ya moto kiasi kwa dakika chache ilainike, kisha ikaushe kabisa, pamoja na ndani ya mdomo wake. Ivishe upande mmoja kwanza, halafu vuta upande wa pili kwa vidole gumba vyote viwili mpaka iruke na kukaa. Sasa pitisha ncha ya kidole nyuma ya pedali, mzunguko mzima, bila haraka. Mdomo wa raba uwe umekumbatia ukingo kila mahali. Pale ambapo kidole kinagusa ukingo mtupu wa pedali, raba haijaingia. Mara nyingi huwa ni kona ya chini, ambayo macho hayafiki.

Wala usivishe kava mpya juu ya raba kuukuu. Ikiwa gari lako lilikuja na raba inayovuliwa, ivue.

"Tepu ya pande mbili inatosha"

Gari lililoegeshwa juani huwa tanuri, na gundi hulegea kwa joto. Halafu mguu haukandamizi tu, unasukuma pembeni pia, siku nzima. Wengine wakiona hivyo hukimbilia kekee na skrubu. Kwenye magari mengi pedali ya mwendo ni ya plastiki, na sensa zinazosoma imeshuka kiasi gani zimejengwa kwenye kifaa hichohicho. Ukitoboa unaweza kuipasua, au kuiacha skrubu ikigota sehemu isiyotakiwa. Tafuta seti iliyotengenezwa kwa gari lako hasa, inayojishika kwa umbo lake. Seti yenye kipande cha klachi si yako.

"Utapigwa shoti"

Hapana. Umeme mkubwa wa gari hupita kwenye nyaya za rangi ya machungwa, na hizo haziji kwenye pedali. Sensa za pale zinatumia volti kama 5 tu.

Hatari iliyopo ni gari kuwaka bila wewe kutambua. Magari mengi ya umeme huamka ukikanyaga breki huku ufunguo uko mfukoni, na mengine huwa tayari kuondoka papo hapo. Hakuna mngurumo wa kukuonya. Nawe unapovisha raba ya breki, unaikandamiza breki hiyohiyo kwa mikono miwili. Weka gia kwenye P, funga hendibreki, zima gari kabisa, kisha peleka ufunguo mbali, na simu pia kama ndiyo ufunguo wako.

"Kava nzito hulifanya gari lichomoke mbio"

Kompyuta husoma pedali imeshuka kiasi gani, basi. Uzito wa kava kompyuta haiujui.

Ila unene una madhara mengine. Kava nene huinua pedali, huisogeza karibu na mwenzake, na hupunguza nafasi kati yake na kapeti. Nafasi hiyo si jambo dogo: mwaka 2009 Toyota iliyarudisha magari takriban milioni 3.8 Marekani kwa sababu kapeti ingeweza kuinasa pedali ya mwendo, na sehemu ya tiba ikawa kuibadilisha pedali umbo lake.

Kwa hiyo, gari likiwa bado limezimwa na kapeti iko mahali pake, bonyeza pedali ya mwendo kwa mkono hadi mwisho, kisha iachie. Irudi yenyewe, bila kusita, bila kugusa kitu. Kaa kwenye kiti, kanyaga breki kwa nguvu, zungusha soli kushoto na kulia kama unayetaka kuing'oa kava. Ikisogea hata kidogo, ivue uanze upya. Baada ya wiki ya kuendesha, rudi na kidole chako nyuma ya pedali, uanzie na ile kona ya chini.