Pinguikula: mmea wa ulimbo unaohitaji kiangazi hata ndani ya kioo

Pinguikula ni jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya mimea midogo inayonasa wadudu kwa majani yake na kuwameng'enya hapo hapo juu ya jani. Haina mfuko wa kutumbukizia mdudu, wala taya za kumfungia. Mtego ni jani lenyewe, na ukiligusa utadhani limepakwa mafuta. Litazame kwa lenzi utaona vinywele vingi vifupi, kila kimoja na tone la ute kwenye ncha. Huo ndio ulimbo wake. Kisubi akitua hunaswa, na kadiri anavyohangaika kujinasua ndivyo anavyozidi kujipaka ute, hadi matundu yake ya kupumulia yanaziba. Hapo tezi za aina ya pili, zisizo na kikonyo, hutoa majimaji yenye vimeng'enya. Sehemu laini za mdudu huyeyuka, jani hufyonza naitrojeni na fosforasi, na baada ya siku chache kinachobaki ni ganda tupu.

Charles Darwin aliupa mmea huu sura nzima katika kitabu chake cha mwaka 1875 kuhusu mimea inayokula wadudu, na alieleza jinsi kingo za jani zinavyojikunja taratibu kuelekea kile kilichonaswa. Wakulima wa Skandinavia walikuwa wameshaujua kwa njia nyingine: waligandishia maziwa majani yake.

Spishi zake ni takriban 100. Karibu nusu ziko Meksiko, nyingine zimesambaa Ulaya, Asia na kwingineko katika mabara ya Amerika, na kwa Afrika zinapatikana kaskazini tu, kama vile Moroko. Afrika Mashariki haina pinguikula ya asili, ingawa ndugu zake wa familia moja, Utricularia, wanaishi kwenye vinamasi na madimbwi yetu na hunasa viumbe wadogo wa majini kwa vifuko vidogo sana.

Anayetaka kuifuga ndani ya nyumba aanze kwa kujua kwamba pinguikula za Ulaya na za Meksiko haziishi maisha ya namna moja. Pinguicula vulgaris na wenzake wa nchi za baridi hujikunja na kuwa tumba gumu majira ya baridi, na bila miezi kadhaa ya baridi kali hudhoofika na kufa. Hizo hazifai sebuleni. Za Meksiko ndizo za kutafuta: Pinguicula moranensis, iliyoelezwa kisayansi mwaka 1817 kutokana na mimea iliyokusanywa na wanasayansi wasafiri Humboldt na Bonpland, Pinguicula agnata, Pinguicula esseriana yenye majani madogo yaliyopangika kama ua, pamoja na machotara mengi yanayouzwa na wakuza mimea. Nyingi huota juu ya miamba ya chokaa au jasi, penye udongo kiduchu, milimani ambako usiku kuna ubaridi.

Kwenye miamba hiyo mvua hunyesha takriban kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha unafuata ukavu wa miezi mingi. Mmea umeumbika kuufuata mzunguko huo. Mvua zikinyesha hutoa majani mapana yenye ulimbo, nao hula, kwa sababu wadudu wapo. Ukavu ukianza, katikati ya mmea huchipuka majani mengine kabisa: mafupi, manene, yaliyojaa maji na yasiyonata. Mmea umeacha kula na unaishi kwa akiba. Mtu asiyejua huliona badiliko hili akadhani mmea unaumwa, akauongezea maji, na maji hayo ndiyo yanayouozesha kuanzia kwenye kitovu. Naamini pinguikula nyingi za majumbani hufa hivi, katika msimu ambao zilihitaji tu kuachwa zipumzike.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna mchana wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo mwanga hauupi mmea habari ya msimu. Maji ndiyo yanayoupa. Ukiona majani mapya ya katikati yanatoka mafupi na yasiyonata, punguza maji hadi udongo uwe mkavu au na unyevu wa mbali tu, na usiulishe. Yakianza kutoka mapana na kung'aa, rudisha maji. Zipo chache zisizofuata kanuni hii: Pinguicula emarginata hubaki na majani yenye ulimbo mwaka mzima na hupenda unyevu wakati wote.

Sasa terariamu. Ni chombo cha kioo cha kukuzia mimea, na asili yake ni London mwaka 1829, pale tabibu Nathaniel Ward alipoona kangaga likiota ndani ya chupa iliyofungwa alimoweka pupa wa nondo (hatua iliyo kati ya kiwavi na nondo kamili). Watu wengi wakisikia terariamu hufikiria chupa yenye kizibo. Kwa pinguikula za Meksiko chupa hiyo ni hatari. Hewa isiyozunguka huleta ukungu wa kijivu, na kioo kilichofungwa kikipigwa na jua huwa tanuri kwa dakika chache. Tumia tangi la samaki lililo wazi juu, na mimea uiweke ndani ikiwa katika vyungu vyake vidogo. Usiipande moja kwa moja kwenye sakafu ya tangi, maana ukiipanda hivyo huwezi kuipa mmoja ukavu huku mwenzake akinywa.

Udongo wa bustani na samadi havifai. Changanya perlaiti na vemikulaiti (chembe nyepesi za madini yaliyofutushwa kwa joto, huuzwa kwa wakuza mimea) na mchanga mnene uliooshwa vizuri (usiwe wa baharini), au tumia vipande vya lile jiwe jepesi la volkano la kusugulia visigino. Kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, mara nyingi huja na chumvi, kwa hiyo ioshe mara kadhaa. Kwa maji, yaliyo bora ni ya mvua. Maji ya visima vya pwani yana chumvi nyingi mno, na ya bomba hutofautiana mji kwa mji. Msimu wa kula, sentimita moja ya maji kwenye sahani chini ya chungu inatosha. Subiri yaishe ndipo uongeze.

Mwanga uwe mwingi. Dirisha la upande wa asubuhi linafaa, au taa ya LED kwa saa 12 hadi 14. Mmea wenye mwanga wa kutosha hulala bapa na mara nyingi hupata wekundu kwenye majani. Mmea ukinyanyua majani marefu ya kijani kilichopauka, ujue unatafuta mwanga. Nairobi, Arusha au Mbeya hali ya hewa yenyewe inausaidia. Dar es Salaam na Mombasa kazi ni kupata usiku wa ubaridi, hivyo uweke mbali na ukuta unaotunza joto.

Visubi wa kwenye vyungu na vijinzi vya matunda hujileta wenyewe. Wakikosekana, nyunyiza unga kidogo sana wa chakula cha samaki juu ya majani machache kila wiki mbili. Ukizidisha, jani huota ukungu na kuoza.

Anayeagiza mimea kutoka nje aombe kwanza kibali cha kuingiza mimea kwa mamlaka ya afya ya mimea, yaani KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania. Ukishapata mmoja wenye afya huna haja ya kuagiza tena. Mwishoni mwa kiangazi chake, kabla majani yenye ulimbo hayajarudi, chomoa kwa uangalifu majani manene machache ya pembeni, kila moja likiwa na kitako chake cheupe. Yalaze juu ya perlaiti yenye unyevu, mahali penye mwanga usio wa jua kali, usiyafukie. Baada ya wiki kadhaa kwenye vile vitako hutokea vijimea, kila kimoja na mizizi yake.